Namba Iliyo Kwenye Mfuniko

Kila alfajiri gari langu lilikuwa linatikisa karanga. Nikizungusha tu ufunguo, chini ya boneti ulisikika mlio wa kacha-kacha-kacha, kama debe lenye karanga kavu, kwa sekunde tatu au nne. Kisha kimya, na injini ikaendelea kunguruma vizuri. Majirani walishauzoea mlio huo, na mimi nilishauzoea. Aliyekataa kuuzoea ni mpwa wangu wa darasa la sita, niliyekuwa nikimpeleka shule kila siku kutoka Kawe.

"Mjomba, mbona linafanya hivyo asubuhi tu? Mchana halifanyi."

Shika swali hilo vizuri, tutalirudia.

Jumamosi tukaenda kwa fundi, jirani na viwanja vya Tanganyika Packers, pale ambapo zamani palikuwa na kiwanda cha nyama na siku hizi watu hujaa kwa mikutano ya mahubiri. Gereji yenyewe ni mwarobaini mmoja, turubai, meza ya mbao iliyolowa grisi, na magari manne au matano, karibu yote Toyota. Langu ni IST ya injini ya lita moja na nusu, gari ambalo ukisimama kituoni dakika kumi tu utaona yanapita mengi hadi uchoke kuhesabu.

"Shikamoo, fundi," mpwa wangu akasalimia.

"Marahaba, binti. Hujambo?" Kisha akanigeukia. "Mara ya mwisho ulipomwaga oili uliweka ipi?"

"20W-50, mzee. Dukani waliniambia Dar ni joto, oili nyepesi haitafaa."

Hakunibishia. Alifungua boneti, akachukua tambara, akafuta mfuniko mweusi ulio juu ya injini, pale oili inapomiminwa. Akamwita mpwa wangu. "Binti, una macho mazuri kuliko sisi. Hapo pameandikwa nini?"

Akasoma polepole: "5W-30."

Miaka yote niliyokuwa na gari lile, jibu lilikuwa limeandikwa mahali ninapoweza kuligusa kwa kidole.

Wewe unayesoma, sogea karibu. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na mhimili mzito wanaouita krenki unaozungushwa nazo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa ukiwa Barabara ya Bagamoyo, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Tamka neno "hamsini" taratibu, na kabla hujamaliza kazi hiyo imeshafanyika. Chuma kinapita kando ya chuma, na nafasi iliyopo kwenye beringi za krenki ni nyembamba kuliko unywele wako. Nafasi hiyo ndiyo nyumba ya oili. Oili ikiwemo, krenki huelea juu yake na vyuma havigusani. Isipokuwemo, vyuma husagana, na siku moja fundi atatamka neno ambalo kila mwenye gari analiogopa: imenoki.

Kwa hiyo oili haitakiwi kuwa nyepesi mno, ikakimbia kwenye nafasi hiyo, wala nzito mno, ikashindwa kupenya. Uzito huu si ule wa kilo. Ni jinsi inavyotiririka, na vitabu vya fizikia huuita mnato. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mdogo.

Shida ni kwamba mnato haukai mahali pamoja. Mwezi wa saba, amka alfajiri uangalie chupa ya mafuta ya nazi ya bibi. Utayakuta yameganda, meupe kama mshumaa. Saa sita mchana yameshayeyuka, unamimina bila taabu. Mafuta ni yaleyale, kilichobadilika ni joto. Oili ya injini haigandi hivyo kwetu, lakini tabia yake ni hiyohiyo: ikipoa huwa nzito, ikipata moto huwa nyepesi.

Ndiyo maana namba ni mbili. Waliozipanga ni SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Mpwa wangu alidhani W ni wiki, kwamba oili inakaa wiki tano. Sivyo. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na ikiwa ndogo maana yake oili inatiririka upesi zaidi. Oili ya 5W hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ile ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 tu chini ya sifuri, kwa sababu zaidi ya hapo haitegemewi. Namba ya pili, 30 au 50, hupimwa kwenye nyuzi 100, joto la maji yanayochemka. Hapo oili ya 50 ina mnato unaokaribia mara mbili ya ule wa 30. Namba kubwa haimaanishi oili bora wala oili yenye nguvu. Inamaanisha nzito, basi.

"Lakini Kawe hakuna baridi ya sifuri," mpwa wangu akasema. "Sasa hiyo W ina kazi gani kwetu?"

Fundi akacheka, akaingia chini ya turubai, akatoka na chupa mbili za maji za nusu lita, safi. Akamimina 5W-30 katika moja na 20W-50 katika nyingine, akaacha nafasi ndogo ya hewa juu, akafunga vizuri, akampa mpwa wangu. "Zigeuze kichwa chini kwa pamoja."

Akazigeuza. Katika chupa ya kwanza kiputo cha hewa kilipanda moja kwa moja hadi juu. Katika ya pili kilijikokota, kikasimama kidogo kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani, kikapanda tena. Ilikuwa saa tatu asubuhi na jua lilishachomoza muda mrefu. Kwa mwezi wa saba, alfajiri ya Dar hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na hapo tofauti ya chupa zile mbili ingekuwa kubwa zaidi. Kwetu sisi hiyo si baridi. Kwa oili iliyoandaliwa kufanya kazi kwenye nyuzi 100, hiyo ni baridi.

Sasa turudi kwenye swali la asubuhi. Usiku gari likiwa limelala, oili hushuka yote na kukaa chini, kwenye sampo. Ukiwasha, pampu inapaswa kuinyanyua hadi juu kabisa ya injini. IST haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na kifaa kinachoikaza cheni hiyo kinasukumwa na presha ya oili. Juu yake kuna mfumo ambao Toyota wanauita VVT-i, unaobadilisha muda wa vali kufunguka. Nao unaendeshwa na oili inayopita kwenye vijia vyembamba na kichujio kidogo ambacho ukikiweka kiganjani utadhani ni cha kuchezea. Oili nzito huchelewa kufika kote huko. Zile sekunde tatu za kacha-kacha ni cheni iliyolegea, ikisubiri oili ifike. Mchana oili imeshapata moto na haijashuka yote, ndiyo maana hakuna mlio.

Na lile neno la dukani kwamba Dar ni joto? Joto la Dar mchana wa mwezi wa pili ni kama nyuzi 32 au 33. Injini inajichemsha yenyewe hadi maji yake yanafika nyuzi 80 au 90 na zaidi, na oili yake hukaribia au kupita 100. Kazi ya rejeta na thamostati ni kulishikilia joto hilo pale pale, gari liwe Sapporo kwenye theluji au Kawe ufukweni. Injini ina hali ya hewa yake, haisubiri jua letu. Niseme hapa pia, kwa uchungu kidogo: wapo mafundi wanaong'oa thamostati na kuitupa wakiamini wanaisaidia injini ipoe. Wanaifanya ichelewe kupata moto, na oili ikae nzito kwa muda mrefu zaidi.

Usidhani waliotufundisha kuweka oili nzito walikuwa waongo. Land Rover za zamani, Peugeot 504, malori ya Bedford, injini zake zilikuwa na nafasi pana kuliko za sasa, na oili ya miaka ile ilikuwa nzito. Fundi alimfundisha kijana wake, kijana akamfundisha wake. Na hadi leo, simama kijiweni kwa bodaboda uulize, watakuambia 20W-50, na kwa Boxer zao wako sahihi kabisa, hiyo ndiyo inayotajwa na watengenezaji. Ushauri sahihi wa Boxer ukipelekwa kwenye IST unakuwa kosa. Kinyume chake pia ni kosa. Kwenye pikipiki nyingi oili moja hulainisha injini, gia na klachi, kwa hiyo hutakiwa iwe na alama ya JASO MA. Oili ya gari yaweza kuifanya klachi hiyo iteleze.

Haina maana kwamba kila gari lina namba moja tu mpaka kufa. Baadhi ya vitabu vya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto huruhusu namba kadhaa, na injini iliyochoka, inayokula oili, fundi anaweza kuipandisha hatua moja, kwa mfano kutoka 5W-30 hadi 5W-40. Hatua moja. Kutoka 0W-20 ya gari jipya la haibridi hadi 20W-50 ni kuruka mtaro kwa macho yaliyofumbwa. Kama mfuniko wa gari lenu hauna namba, itafute kwenye kitabu cha gari. Magari yetu mengi hutoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani, lakini 5W-30 huandikwa vilevile kwa Kijapani na kwa Kiswahili.

Fundi alimwonyesha mpwa wangu kitu kingine, alama ya duara nyuma ya dumu yenye herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Herufi inayofuata huonyesha kizazi: SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. Kwa petroli, mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Tulipopita duka la spea tukakuta dumu la bei rahisi lililoandikwa SF. Kwa maelezo ya API wenyewe, SF haifai kwa magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya 1988. IST ya kwanza ilitoka 2002. Bei ile rahisi ingekuwa ghali sana.

Kisha fundi akamwaga oili. Ilitoka nyeusi, nayo peke yake si dalili mbaya, maana oili nzuri husafisha na kubeba masizi. Akabadilisha filta, akamimina mpya huku akisimama kupima kwa kijiti. Dumu ni la lita 4, injini ile hupokea kama lita 3.7 pamoja na filta. Wengi humimina dumu lote wakidhani ni kuipa injini shibe. Oili ikizidi, krenki huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Iliyobaki tukaifunga. Dumu likiisha, fundi hulitoboa kwa bisibisi, kwa sababu madumu mazima hukusanywa, hujazwa oili chafu iliyochujwa na kurudi sokoni yakiwa na lebo nzuri. Oili chafu ya gari langu aliiweka kwenye pipa lake la kukusanyia. Mitaro ya upande wetu huelekea Mto Mlalakuwa na baharini, na samaki tunaowanunua ufukweni hawahitaji 20W-50.

Asubuhi ya Jumatatu nilizungusha ufunguo, mpwa wangu akiwa ameshikilia pumzi. Kacha, mara moja, kisha kimya. Mlio haukwisha kabisa. Cheni ilikuwa imeshalika kwa miaka ile, na oili sahihi hairudishi chuma kilichokwisha.

Kesho, kabla gari la nyumbani halijawashwa na injini ikiwa bado baridi, mwombe baba, mama au mjomba akufungulie boneti. Futa mfuniko, usome namba. Kisha muulize dumu la mwisho liliandikwa namba gani. Zikitofautiana, mwambie kabla hajamwaga oili tena.