Biri: Jinsi Inavyopimwa, na Bei Yake Isiyoandikwa

Katika mji wa Kampala, biri haionekani mara nyingi mikononi mwa watu. Wengi wa wavutao tumbaku huvuta sigara, na baadhi ya wazee hupenda kiko. Hata hivyo, siku ya harusi, ya kupandishwa cheo au ya kurejea kutoka kazi ya ng'ambo, hutokea mtu akatunukiwa biri moja nene iliyovishwa pete ya karatasi. Zawadi hiyo huingia nyumbani kwa heshima. Yafaa basi baba na mama wa nyumba wajue ni kitu gani, hupimwaje, na humgharimu nini mwenye kuivuta.

Tumbaku si ngeni nchini Uganda. Imelimwa miaka mingi West Nile na Bunyoro, lakini zaidi kwa ajili ya sigara. Biri zisifiwazo sana hutoka Cuba, hasa zile za majani ya jimbo la Pinar del Río. Nyingine hutoka Jamhuri ya Dominika, Nicaragua na Honduras.

Biri njema haina karatasi. Ni majani matupu ya sehemu tatu: ya ndani yanayoijaza, la kati linaloyafunga, na la nje linaloivika. Kabla ya kusokotwa, majani hukaushwa, kisha hurundikwa yapate joto na kuchachuka ili ukali upungue. Baada ya hapo biri hutunzwa katika kisanduku cha mbao chenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ikikauka, huwaka upesi na kuunguza ulimi. Ikilowa, huota ukungu.

Mjuzi huanza kuipima kwa macho. Jani la nje liwe laini, lenye rangi moja, lisilopasuka. Kisha huibonyeza polepole kwa vidole: pakiwa na uvimbe mgumu moshi hautapita, na pakiwa na uwazi itawaka upande mmoja. Hukata ncha kidogo, huivuta kabla ya kuiwasha aone kama hewa yapita, ndipo huiwasha kwa kuizungusha juu ya moto. Huivuta taratibu, kama mara moja kwa dakika, wala hameza moshi. Hutafuta ladha zinazofanana na za mbao, kahawa, ngozi au pilipili manga, na hutazama kama jivu limeshikamana. Biri kubwa huchukua saa nzima au zaidi.

Kwa kuwa moshi haumezwi, wako wanaodhani kwamba biri haina madhara. Huko ni kujidanganya. Nikotini hupenya katika ngozi ya ndani ya kinywa, na biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya mapafu humpata mvuta biri pia.

Historia ya askari mmoja mashuhuri yatosha kuwa funzo. Mwezi wa Februari 1862, Jemadari Ulysses S. Grant wa Marekani aliteka ngome ya Fort Donelson. Magazeti yakaeneza habari kwamba alikuwa na biri vitani, na wananchi wakampelekea zawadi za biri zipatazo 10,000. Risasi hazikumwua, alikufa Julai 1885 kwa saratani ya koo. Alikuwa amepoteza mali yake, na miezi yake ya mwisho aliitumia kuandika kumbukumbu zake katika maumivu makali, ili mkewe asiachwe katika ufukara. Miaka 100 baadaye, mwaka 1985, Fidel Castro, kiongozi wa Cuba yenyewe, aliacha biri ili awe mfano kwa watu wake.

Hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, imekataza kuvuta tumbaku mahali pa watu wote, kazini na katika vyombo vya usafiri wa umma, hata ndani ya meta 50 kutoka hapo. Aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuuziwa. Biri imo katika sheria hiyo sawasawa na sigara.

Lakini nyumbani hakuna polisi wa kumkamata baba. Katika kambi, ambako jamaa nzima huenda ikalala chumba kimoja, moshi wa saa moja huingia katika mablanketi na katika vifua vya watoto, ukazidisha pumu na nimonia. Hapo mama ana haki ya kusema, na baba ana wajibu wa kusikiliza. Heshima ya zawadi imo katika mkono ulioitoa. Aliyetunukiwa aweza kushukuru, akaiweka pete yake kuwa ukumbusho, na biri yenyewe asiiwashe kamwe.