"Toleo" na "Chapa"

Maneno haya huchanganywa mara kwa mara. Toleo ni matini jinsi ilivyopangwa. Ikirekebishwa, huzaliwa toleo jipya. Chapa ni kila mara toleo lilo hilo lipigwapo mtamboni. Hivyo mkusanyaji atafutaye "toleo la kwanza" hasa huitaka chapa yake ya kwanza.

*Elisi katika Nchi ya Ajabu* (1940) na *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* (2015) si matoleo mawili, bali ni tafsiri mbili za kitabu kimoja cha Lewis Carroll.

Basi mwalimu wa Moshi au Marangu apunguzaye vitabu vikuukuu vya watoto, na asome kwanza ukurasa wa hakimiliki. Kurasa zikishafungiwa karanga sokoni, hazirudi.