Hata lugha ya kompyuta ina ngeli zake

Atokaye Kericho kuelekea Litein huiona michai imetanda vilimani, imekatwa sawasawa kama zulia. Mgeni husifu uzuri. Mwenyeji huhesabu kilo. Nachelea kwamba kompyuta nayo tunawafundisha watoto wetu kwa kuhesabu kilo.

Tangu mwaka 2022, serikali ilipoidhinisha mtaala wa uandishi wa programu shuleni, hoja niisikiayo ni moja tu: ajira. Si hoja ya kupuuzwa, hususan huku kwetu, ambako mwezi Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai wakidai zimewanyang'anya riziki. Hata hivyo, haitoshi.

Nimekuwa nikijifunza lugha ya kompyuta iitwayo Haskell. Ilitolewa mwaka 1990 na kamati ya wataalamu, ikapewa jina la mwanamantiki Mmarekani, Haskell Curry. Wengi huikwepa kwa ugumu wake. Nami nusura niiache, hadi nilipotambua kwamba ugumu huo naufahamu tangu utotoni. Katika Kiswahili hatusemi "kiti wangu amevunjika". Nomino ikishataja ngeli yake, sentensi nzima huitii. Haskell nayo hukipa kila kitu aina yake, na visipopatana, programu hukataliwa kabla haijaanza kufanya kazi.

Uzuri wake wa pili ni uvivu. Wataalamu wenyewe ndivyo wauitavyo. Haipigi hesabu mpaka jibu lihitajike. Kwa hiyo waweza kuandika kwa mstari mmoja orodha ya namba isiyo na kikomo, kisha ukachukua kumi tu. Mchumaji hodari hatendi vingine: kilima kizima ki mbele yake, naye huchuma majani mawili na chipukizi, mengine akayaacha hadi zamu yao ifike.

Yamkini utauliza: je, uzuri huliwa? Nasema huliwa. Aliyethaminiwa kwa kilo pekee hupoteza kazi siku mashine ichumapo kilo nyingi zaidi. Na sasa zipo mashine ziandikazo programu. Mtoto aliyefunzwa kuzijaza kurasa tu atashindwa nazo. Aliyeipenda lugha yenyewe ataweza kuzikagua na kuzikosoa, kama mwonja chai atambuavyo majani yaliyoharibika.

Basi, mwalimu, kabla hujamtajia mwanafunzi mshahara, mwonyeshe mstari mmoja uliopatana barabara. Umwache autazame.