Fahamu: Shahada ya radiolojia kwa mwanafunzi wa Mbulu na Hanang

Mtaalamu wa radiolojia hupiga picha za eksirei, ultrasaundi na CT zinazomwonyesha daktari kilichomo mwilini. Wilayani Mbulu, Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, huhitaji picha hizo kwa mifupa iliyovunjika na kifua kikuu.

Shahada husomwa, kwa mfano, katika chuo kikuu cha CUHAS Bugando, Mwanza. Msingi wake ni Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita.

Darasani hufundishwa anatomia na fizikia ya mionzi. Hospitalini, kumlaza mgonjwa ipasavyo na kuvaa aproni ya madini ya risasi. Usalama wa mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Anayeilenga kazi hii asiikimbie Fizikia.