VIDONDA VINAVYORUDI MDOMONI MWA MTOTO

Mtoto akikataa uji na kudondosha mate, mtazameni mdomoni. Pengine ndani ya midomo, mashavuni au kwenye ulimi mtaona vidonda vidogo vya mviringo. Katikati ni vyeupe au vya njano, na pembeni ni vyekundu.

Vidonda hivi haviambukizi, wala si uchawi. Hupona katika siku 7 hadi 14, lakini kwa watoto wengine hurudi tena na tena. Huweza kutokea mtoto anapojiuma au kuchomwa na mswaki. Pia huweza kutokea akikosa vyakula vya kuongeza damu.

Hatari kubwa ni mtoto kuacha kunywa. Asipokunywa huishiwa maji mwilini. Basi fanyeni hivi:

1. Mpeni maji safi kidogo kidogo, mara nyingi. Anayenyonya aendelee kunyonya.
2. Mpeni vyakula laini vilivyopoa, kama uji, maziwa au ndizi mbivu iliyopondwa. Msimpe pilipili, ndimu wala chakula cha moto.
3. Mtoto anayejua kutema asukutue mara 3 kwa siku. Tieni chumvi nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Asimeze.

Msisugue vidonda kwa kitambaa. Kusugua huongeza kidonda. Msipake mrututu. Mrututu ni sumu, na mtoto ataumeza.

Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo ikiwa:

- hanywi, au hakojoi kama kawaida;
- ana homa;
- ana utando mweupe mdomoni;
- anaumwa surua au ametoka kuumwa surua. Surua huweza kupofusha macho, na zahanati atapewa vitamini A;
- fizi zinanuka au shavu limevimba. Ugonjwa huu huweza kula uso kwa siku chache.

Vidonda vikizidi wiki 2, vikirudi mara kwa mara, au mtoto akikonda, apimwe. Huenda ana upungufu wa damu au ugonjwa mwingine.

Vidonda vikipona, mtoto ale maharage, dagaa, mayai, mchicha na matunda. Mswaki wake uwe laini.

Mtoto akiugua vidonda, kila jioni mama na baba waulizane: leo amekunywa vikombe vingapi? Amekojoa mara ngapi? Kama majibu si mazuri, msingoje kesho.