Hedifoni za Bei Mbaya na Jinsi ya Kuzitendea Haki

Mtu akishanunua hedifoni ya bei mbaya, huanza kuuliza aongeze nini. Muuzaji ana jibu tayari: amplifaya, kigeuzi cha sauti ambacho madukani hukiita DAC, waya mnene wa kubadilisha ule uliokuja kwenye boksi, kisha usajili wa muziki wenye faili kubwa. Orodha hiyo inamlipa muuzaji, lakini haina mambo mawili yanayobadilisha sauti kuliko yote: namna hedifoni inavyokaa kichwani, na uwiano kati ya besi, sauti za kati na sauti za juu. Hayo mawili hugharimu kidogo au hayagharimu kitu. Umeme unashika nafasi ya tatu. Faili na waya vinafuata kwa mbali.

Bei yenyewe haidhamini lolote. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283, akitaka kujua kama za ghali zina mwitikio wa masafa, yaani uwiano huo wa besi, sauti za kati na za juu, ulio tofauti na wa zile rahisi. Hakupata uhusiano kati ya bei na mwitikio huo. Hii haimaanishi kwamba hedifoni zote ni sawa. Aliyelipa pesa nyingi mara nyingi amepata uimara, starehe kichwani, spea zinazopatikana na sauti isiyokwaruza. Uwiano wa sauti, hata hivyo, ni ule aliouchagua mhandisi wa kiwanda, na unaweza kukufaa au usikufae.

Anza na mito

Besi ndani ya hedifoni ni shinikizo la hewa kati ya kiwambo cha hedifoni na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikipata upenyo, besi inapungua, kama pampu ya baiskeli iliyochoka mpira: unasukuma mpaka jasho linakutoka, tairi halijai. Kwa hedifoni zilizofunikwa nyuma, upenyo mdogo unaweza kula desibeli 10 na zaidi chini ya hezi 100, na hakuna amplifaya inayoziba upenyo.

Wanaoleta upenyo ni wale tunaoishi nao: mkono wa miwani, ushungi uliopita chini ya mto, kofia, nywele za kusuka zilizoangukia mbele ya sikio, hereni kubwa. Jaribu hivi. Weka wimbo wenye besi nzito, uache ukolee, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, ulikuwa unavujisha hewa. Shusha upinde wa juu kidogo, sogeza vikombe mbele au nyuma, rudia. Mwenye ushungi avae hedifoni kwanza, kitambaa kifuate juu yake, maana kitambaa kinachokaa kati ya mto na ngozi hupoteza besi na pia hupunguza ukali wa sauti za juu.

Mito nayo huzeeka. Ile ya ngozi bandia hubanduka kwa jasho na joto, na wakazi wa pwani wanalijua hilo vizuri. Ile ya kitambaa haibanduki, ila spanji ya ndani hulala. Hedifoni kama Sennheiser HD 600, iliyoingia sokoni mwaka 1997 na ambayo bado ni kipimo cha wengi, hubadilika sauti mito yake ikilala, kwa sababu kiwambo kinasogea karibu na sikio. Mmiliki hagundui, kwa kuwa mabadiliko huja polepole kwa miaka. Mito mipya ya aina ileile huirudishia sauti yake kwa sehemu ndogo ya bei ya amplifaya. Sisitiza aina ileile: unene, kitambaa na upana wa tundu vikibadilika, umenunua hedifoni nyingine bila kujua.

Baada ya hapo kagua usawa wa kushoto na kulia. Tafuta rekodi ya mono yenye sauti ya mtu mmoja. Mwimbaji anatakiwa asikike katikati ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, kikombe cha kushoto kiende kulia. Akihamia upande wa pili, hitilafu iko kwenye hedifoni au chombo kinachoilisha. Akibaki palepale, angalia mto unavyokaa upande ule, kisha lifikirie sikio lenyewe. Nta iliyoziba ni kazi ya daktari; kijiti cha pamba huisukuma ndani zaidi.

Hedifoni zilizo wazi nyuma, na HD 600 ni mojawapo, haziteswi sana na upenyo mdogo, lakini zina sharti lake: kelele za nje huingia bila kubisha hodi. Feni ikizunguka juu na jenereta ya jirani ikiunguruma, mlio wa ganuni unaofifia taratibu mwishoni mwa pigo humezwa kabla hujausikia, nawe utaongeza sauti ili kushindana na feni. Anayesikilizia sebuleni kwenye pilikapilika atasikia mengi zaidi kwa hedifoni iliyofunikwa ya bei ya kati kuliko kwa iliyo wazi ya bei mbaya.

Uwiano wa besi na sauti za juu

Sikio lina tabia zake. Umbo lake na mfereji wake hukuza sauti za karibu na kilohezi 3 kwa desibeli 10 na zaidi. Sauti ya spika ya chumbani hupata ukuzaji huo njiani. Hedifoni iko mlangoni mwa sikio na inaruka sehemu ya njia hiyo, kwa hiyo mhandisi hana budi kuirudisha kwa makusudi. Airudishe kiasi gani? Sean Olive na Todd Welti, walipokuwa katika kampuni ya Harman ya Marekani, walilifanyia kazi swali hilo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa kuwasikilizisha watu uwiano tofauti bila kuwaambia wanasikia nini. Wengi walipenda hedifoni inayosikika kama spika nzuri ndani ya chumba kizuri: besi iliyoinuka kiasi na kilele karibu na kilohezi 3. Wapo waliotaka besi zaidi na waliotaka pungufu, ila walikuwa wachache.

Hapa ndipo ikwalaiza inapoingia, na hapa ndipo wapenzi wengi wa sauti hukunja uso, wakiamini kwamba kuigusa ni kuharibu. Hedifoni yako tayari ni ikwalaiza iliyofungwa kiwandani. Unachofanya ni kusahihisha.

Chukua HD 600 hiyohiyo. Sauti zake za kati zinasifiwa kwa haki, lakini besi yake huteremka kadiri unavyoshuka chini ya hezi 100. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya bure ya Equalizer APO inatosha. Kwenye simu ya Android ipo Wavelet. Weka kichujio cha aina ya rafu, kile kinachoinua kila kitu kilicho chini ya masafa fulani, kianzie hezi 100 na kiongeze desibeli 5. Kisha, na hiki ndicho watu husahau, punguza kiwango cha jumla kwa desibeli 5. Sauti ya kidijitali ina dari. Ukiinua besi bila kushusha jumla, vilele vya mawimbi hugonga dari na kukatwa, nawe utasikia mikwaruzo na kuilaumu ikwalaiza. Linganisha ukiwa umeiwasha na ukiwa umeizima, kwa nyimbo unazozijua kwa moyo.

Juu ya kilohezi 8 au hivi, weka mikono mbali. Huko vipimo vya maabara vinategemea umbo la sikio bandia lililotumika, na sikio lako si lile. Hedifoni ikisogea kidogo tu kichwani, vilele na mabonde ya masafa hayo huhama. Rekebisha maeneo mapana, kwa desibeli chache.

Umeme wa kutosha

Kuna namba mbili za kusoma kwenye boksi: ukinzani, unaoandikwa kwa omu, na unyeti, yaani desibeli inazotoa hedifoni kwa miliwati 1 ya umeme. Wengi husoma ya kwanza tu na kuhitimisha kwamba omu 300 ni ngumu kuendesha na omu 50 ni rahisi. Si lazima iwe hivyo.

Tuseme hedifoni ya omu 300 ina unyeti wa desibeli 97. Adapta nyingi ndogo za USB-C hutoa takriban volti 1, na volti 1 kwenye omu 300 ni miliwati 3.3, ambazo huipandisha hadi karibu desibeli 102. Ukisikiliza kwa wastani wa desibeli 75, unabakiwa na nafasi nzuri kwa milio ya ghafla. Sasa tazama HE-6 ya HiFiMan: omu 50 tu, lakini unyeti uliotangazwa ni desibeli 83.5. Kufikia kiwango kilekile inadai nguvu mara 22 hivi, na adapta itanyoosha mikono.

Amplifaya basi ni hesabu. Ukiwa na hedifoni yenye unyeti mdogo, au umeshusha jumla kwenye ikwalaiza, au unasikiliza rekodi zilizonakiliwa kwa kiwango cha chini, unaihitaji. Ukiona sauti inatosha wakati kipimo cha simu kiko katikati, huihitaji.

Namba ya tatu haiandikwi kwenye boksi la hedifoni: ukinzani wa tundu la amplifaya. Kanuni inayotumika ni usizidi sehemu ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Sababu ni kwamba ukinzani wa hedifoni nyingi haukai mahali pamoja. HD 600 huandikwa omu 300, lakini kwenye eneo la besi hupanda hadi kupita 500. Ichomeke kwenye chombo cha zamani chenye tundu la omu 120, kiwango kilichowahi kupendekezwa rasmi, na besi itavimba kwa desibeli 1 hivi. Wengine huupenda uvimbe huo na kuuita joto la amplifaya. Kwa vidude vya kuingiza sikioni vyenye viwambo vingi, ambavyo ukinzani wake hupanda na kushuka sana, tofauti huwa kubwa zaidi na mara nyingi haipendezi.

Hedifoni zisizo na waya zina amplifaya na kigeuzi chao ndani. Hapo orodha yote ya muuzaji inakwisha. Kinachobaki ni mito, ikwalaiza na chaji.

Kulinganisha bila kujidanganya

Mtu akipigiwa sauti moja mara mbili, ya pili ikiwa juu kwa desibeli 1, mara nyingi hatasema ni kubwa zaidi. Atasema ni safi zaidi, ina besi zaidi, ina uhai. Amplifaya nyingi zimeuzwa kwa desibeli hiyo moja.

Kinga yake iko kwenye mkoba wa fundi umeme: mita. Cheza mlio wa hezi 100 kwenye amplifaya ya kwanza huku hedifoni ikiwa imechomekwa, pima volti kwenye ncha za jeki, kisha rekebisha amplifaya ya pili mpaka ifike pale ndani ya asilimia 1. Nimechagua hezi 100 kwa sababu mita za bei nafuu zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 na hukosea masafa yakipanda. Baada ya hapo mpe mwenzako azibadilishe bila kukwambia ipi ni ipi. Wengi hukuta tofauti waliyoisikia jana haionekani tena.

Jaribio la namna hiyo lilifanywa Boston na Brad Meyer na David Moran, wakalichapisha mwaka 2007. Waliwapa wasikilizaji rekodi za ubora wa juu kuliko CD, na rekodi zilezile zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD, biti 16 na kilohezi 44.1. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, ambayo ni sawa na kurusha sarafu. Kwa hiyo lipia faili kubwa kuliko za CD kama moyo unatulia, lakini ukiwa kwenye daladala okoa bando lako; ngurumo ya injini itafunika tofauti yoyote iliyobaki.

Waya ubadilishwe ukikatika, ukikwaruza au ukiwa mfupi. Ile imani kwamba hedifoni mpya inahitaji saa nyingi za kupigishwa ili ifunguke ina ukweli mdogo: mito hulainika na kukaa vizuri zaidi, na ubongo humzoea mgeni.

Kiwango cha sauti

Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Ndiyo maana kila hedifoni hupendeza ikipandishwa, na ndiyo maana besi iliyoongezwa kidogo kwenye ikwalaiza hukuwezesha kusikiliza chini bila kuona kuna kitu kimepungua.

Hili ni muhimu zaidi kwa wenye vifaa vizuri. Spika mbovu hukwaruza ikizidiwa, na mkwaruzo huo ni onyo. Hedifoni bora yenye amplifaya yenye nguvu haikwaruzi. Inapanda ikiwa safi hadi viwango vinavyoumiza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: saa 20 kwa desibeli 83, saa 10 kwa 86, saa 5 kwa 89. Ukivua hedifoni na kusikia mlio masikioni, ulishapita kiwango. Ukimaliza marekebisho yote, weka sauti unayoipenda, ishushe hatua mbili, na usiiguse mpaka wimbo wa tatu. Kufikia hapo sikio litakuwa limezoea, na wengi hawaoni tena haja ya kuipandisha.