Mbele ya kupanda ku paa ya depo: kamba gani, mikanda gani?



Mwezi wa tisa kila mtu anaanza kuangalia mawingu. Mvua iko karibu, mahindi iko mu depo, na mu bati kunaonekana matundu. Basi tunatafuta kijana mwepesi, tunamsimamishia ngazi, tunamwambia: «Ujichunge.» Iko vile kila mwaka. Akianguka na kuvunjika mgongo, hakuna gunia litakalolipa. Kijana wa kazi ya siku moja mara nyingi haandikishwi kwa CNSS. Hospitali inabaki ya familia yake, na ninyi mliomtuma njo mtaulizwa.

Hapa Lubumbashi vifaa vya kupandia si vitu vigeni. Vijana wetu wengi wamepita ku migodi na ku viwanda, wanajua arne, ile mikanda inayoshika mabega, kifua na mapaja. Kwa hiyo koperative ikipata pesa kidogo, inanunua kile walichokiona kule: arne pamoja na kamba fupi ya mita 2, yenye kifuko kilichoshonwa ambacho kinafunguka pole pole mtu akianguka, ili mshtuko usimvunje. Ni kifaa kizuri. Lakini kwa depo yetu, hapana.

Tuhesabu. Kamba ni mita 2. Kifuko kikifunguka chote kinaongeza mpaka mita 1,75. Kutoka mahali arne inapofungwa mgongoni mpaka ku miguu, weka mita 1 na nusu. Ongeza mita 1 ya usalama. Jumla inapita mita 6. Na ukuta wa depo zetu nyingi ni mita 3, labda 4. Kijana atafika chini mbele ya kifuko kumaliza kazi yake. Juu ya mnara wa kiwanda kifaa kile kinaokoa, kwetu kinadanganya.

Kwa paa ya chini, tafuteni vifaa vinavyomzuia mtu asifike ku ukingo, si vile vinavyongoja aanguke. Vitu vyenyewe ni hivi: arne ya mwili mzima, kamba ndefu, na kile chuma kidogo kinachotembea juu ya kamba na kuiuma mtu akiteleza, mafundi wa migodi wanakiita antishute. Mtu anapanda kutoka upande mmoja, kamba inatoka upande wa pili wa paa, inapita juu ya kilele, inamfikia. Kila hatua anasogeza antishute ili kamba ibaki imenyooka, bila kulegea. Akiteleza, anakalia bati, basi. Na anapofika karibu na ukingo, urefu wa kamba unamkataza kuendelea. Ku mwisho wa kamba fungeni fundo kubwa, chuma kisitoke.

Ku soko, musiangalie rangi. Angalieni karatasi iliyoshonwa. Ku arne isomeke EN 361. Ku kamba EN 1891 A, na unene wa milimita 11 unafaa. Ku antishute EN 353-2. Juu ya chuma kile, ao mu karatasi yake, wanaandika kinakubali kamba ya aina gani na unene gani. Chuma cha kamba nene kikiwekwa ku kamba nyembamba, kitateleza pamoja na mtu. Pelekeni kamba dukani, mujaribu papo hapo. Mkanda wa kiuno peke yake tuukatae kabisa: mtu akining'inia nao, unamkunja na kumuumiza ndani.

Halafu kuna zile arne za okazyo, zinazouzwa kwa bei ndogo. Ninajua zinavutia. Lakini arne iliyokwisha kushika mtu aliyeanguka haitumiki tena, na muuzaji hatakuambia. Kama karatasi imekatwa, mwaka haujulikani, ao uzi wa mshono umefifia kwa jua, acha. Vilevile kamba ya plastiki ya kufungia mizigo, na kamba ya kuvutia gari: hata ikiwa nene, haikutengenezwa kwa kushika mtu. Kama pesa haitoshi, afadhali koperative mbili ao tatu zinunue seti moja mupya, zipeane zamu.

Kamba nzuri iliyofungwa mahali pabaya ni sawa na kutokuwa na kamba. Muti wa muembe wenye mizizi, nguzo ya betoni, hizo sawa. Mbao ya paa ambayo mchwa umeanza kula, hapana. Gari ni ya mwisho kabisa: dereva anaitwa, anasahau, anawasha moto, anaondoka na mtu juu. Kama hakuna kingine, funguo ya gari ikae mu mfuko wa yule aliye juu ya paa. Pale kamba inapopita ku kilele na ku ukingo wa bati, weka gunia lililokunjwa mara nyingi. Bati inakata kama kisu. Na kamba ikae mbele ya mtu, imenyooka. Akienda pembeni mita nyingi kisha ateleze, atabembea mpaka nje ya paa. Kazi ikisogea, kamba nayo isogezwe.

Mutu mmoja abaki chini, ngazi ya pili karibu. Aliyening'inia mu arne bila kutikisika damu inabaki miguuni, na kwa dakika chache anaweza kuzimia. Musimwache pale mukienda kutafuta msaada.

Kwa paa za zamani za eternit, ile ya sementi, kamba haitoshi. Inavunjika chini ya mguu bila kulia, na vumbi lake lina amianto inayoharibu mapafu. Pale mufanye kazi kutoka chini, juu ya ngazi, ao muite fundi anayeijua.

Kisha kazi, kamba isibaki mu depo juu ya magunia. Panya zinapenda mahindi, lakini zinatafuna kamba pia. Mafuta ya gari na asidi ya batri vinaiharibu hata kama macho hayaoni. Iweke ikiwa kavu, mu sanduku la chuma lenye kufungwa, na mtu mmoja ashike funguo na daftari: tarehe ya kununua, nani alipanda, nani aliteleza. Mbele ya kila kupanda, yeye ndiye apitishe kamba yote mkononi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akisikia mahali palipolainika, pamevimba ao pamekatika nyuzi, kamba ile ikafunge mbuzi.